Hesabu ya Meno

Belmiro amezima redio ili apate kufikiri.
Mezani, kati ya mkate na kisahani cha zeituni,
amelaza difu mbili juu ya gazeti la juzi,
na gazeti linakunywa mafuta,
habari za bunge zinageuka nyeusi.

Ile yetu ya zamani ilianza kulia mwezi wa Machi,
kilio chembamba, cha mbwa aliyefungiwa nje.
Miaka thelathini na minane ya teksi, acha ilie.
Akaenda kwa Gaspar, kwenye makaburi ya magari ya Fundão,
akarudi na mbili kwa sababu alishindwa kuchagua moja.
Njia mbili zilimshinda fisi.
Mume wangu zimemshinda akiwa ameketi.

"Hii," anasema, "ni tatu nukta sita tisa, ndugu wa marehemu.
Itatupandisha mlimani na magunia yote ya viazi.
Na hii ni tatu nukta sifuri saba,
imetoka kwenye gari la tabo.
Kwenye barabara kuu injini itatembea, haitakimbia."

Miaka thelathini na mmoja nilisimama mbele ya mitambo ya sufu, Covilhã,
nikibadilisha gia kila walipotaka blanketi zito, kila walipotaka jepesi.
Sihitaji kufundishwa jino ni nini.
Nilizungusha pinioni kwa kidole, nikahesabu:
arobaini na manane kwa kumi na matatu.
Ya pili, arobaini na matatu kwa kumi na manne.
Jino ukilipunguza, mlima haukusahau.

"Gari lina farasi sabini na wawili," nikamwambia,
"na nusu yao wamezeeka.
Ukilivisha hii ya pili tutapanda kwa gia ya kujikokota,
tupitwe na mwendesha baiskeli anayemenya ndizi.
Na saa ya mwendo itadanganya:
itasema themanini, nasi tuko tisini na sita.
Polisi utamweleza meno?"
Alikuwa akifuta difu kwa kitambaa changu cha vyombo.
Mshika mbili moja humponyoka, nikamalizia,
nikadhani nimeshinda.

Nilidhani ni ujana uliochelewa,
mzee anataka kwenda kasi kabla hajanyang'anywa leseni.

Akahamisha kiti, akaja upande wangu wa kushoto.
"Kwa mwendo wa mia, injini inazunguka mara elfu tatu na mia moja.
Kwa hii, elfu mbili na mia sita."
"Halafu?"
"Halafu nikisema kitu, utasikia."

Mitambo ilichukua masikio yangu kwa awamu.
Kwanza ndege. Kisha kengele ya mlango.
Kisha nusu ya kila jina.
Kila Jumapili ya kwanza ya mwezi, kwenda Coimbra kwa binti yetu na kurudi,
nilitazama nje dirishani, misonobari, misonobari,
nikiamini kwamba amenyamaza.
Kumbe alikuwa akisema.
Miaka mingapi? Sikumuuliza. Alisema nini? Hilo nalo sikuliuliza.

Tukafunga ya meno arobaini na matatu.
Bolti nilizikaza mimi, chini ya gari, kwa koti lake la zamani,
maana mgongo wake haukunji tena.

Mlima unatutesa, sitasema uongo.
Gia ya pili, mara nyingine ya kwanza,
na wiki iliyopita trekta la Anselmo lilitupita,
likapiga honi, mara mbili, bila haja.

Lakini Jumapili, tulipoingia barabara kuu,
injini ilishusha sauti
ikawa mtu anayekoroma chumba cha pili.
Nikamgeuzia sikio la kushoto, lile lenye uhai.
Nikangoja. Kilomita kumi. Ishirini.
Akakohoa.
Akashika usukani kwa mikono miwili, kama siku ya mtihani.

"Ulifunga dirisha la jikoni?"

Sikuwa nimelifunga.